Kushukia Same: Je, Inalipa?

Basi la kwenda Arusha likiingia Same, konda husimama mlangoni na kutangaza dakika kumi na tano: kuchimba dawa, kununua maji, kurudi. Hapo jua limeshapanda, kiyoyozi kimeshachoka, na mtoto wa kiti cha nyuma ameuliza mara ya nne kama ndiyo tumefika. Abiria wanashuka wakijinyoosha. Wauzaji wanainua mabeseni ya karanga, ndizi na mayai ya kuchemsha hadi usawa wa madirisha. Upande wa kulia, kwa aliyetoka Dar es Salaam, milima ya Upare imesimama karibu kiasi kwamba unaona mabati ya nyumba za juu yakimetameta, na kijani cha huko hakifanani hata kidogo na vumbi la hapa chini. Honi inapigwa. Watu wanapanda basi, mlima unabaki.

Nimepita hapo mara nyingi, na karibu kila safari yupo abiria anayesema, "Siku moja nitashuka hapa niione hii milima." Siku hiyo ndiyo ninayotaka kuichambua. Mtu mwenye nusu siku au siku nzima ya ziada kati ya Dar na Moshi, je, inamlipa kushukia Same? Na akishashuka aelekee wapi: hifadhini, mlimani, au apande gari jingine aende kuogelea Chemka kama watoto wanavyomsumbua?

Swali hili lina ndugu zake mbali. Abiria wa meli za kitalii hulikabili kila meli inapotia nanga. Wameshushwa asubuhi Nassau, Bahamas, wameambiwa warudi jioni, nao wanakuna vichwa: wabaki melini ambako chakula kimeshalipiwa, au walipe upya waingie hoteli ya Atlantis yenye bustani ya maji, mabomba ya kuteleza na mabwawa ya mawimbi? Ukisikiliza mabishano yao utagundua hakuna anayeuliza kama bustani hiyo ni nzuri. Wanauliza saa ngapi zitabaki ukishatoa foleni na teksi, familia ya watu watano italipa kiasi gani kwa kila saa ya kuwa majini, na itakuwaje wakichelewa kurudi.

Kuchelewa nako kupo. Machi 2024 abiria 8 wa meli ya Norwegian Dawn walishuka São Tomé kwa ziara waliyojipangia wenyewe, nje ya zile zinazouzwa na meli. Walirudi saa imepita, na meli ikawaacha. Waliifukuzia nchi kwa nchi hadi wakaipata Dakar, Senegal. Kampuni nyingi za meli huwasubiri waliokata ziara ya meli yenyewe. Aliyejipangia, saa yake ni yake.

Konda wetu ana huruma kuliko nahodha yule, lakini huruma yake ina mwisho. Ukimwambia unakimbia mara moja dukani, atavumilia dakika mbili, tatu. Abiria wakianza kupiga kelele, anagonga bati na basi linaondoka. Na aliyekata tiketi ya Dar–Arusha akashukia Same kwa hiari yake, safari yake imeishia hapo. Kiti chake kinaendelea bila yeye. Basi la kesho halimdai wala yeye halidai. Kuanzia hapo anategemea mabasi yanayopita, ambayo msimu wa sikukuu hufika yamejaa hadi kwenye korido, au Coaster na Noah za Mwanga na Moshi. Mchana magari ya Moshi hayakosekani, ni kilomita kama 105. Giza likishaingia ni habari nyingine. Ndiyo maana nasema gharama ya kushukia Same haimo kwenye kushuka. Imo kwenye kuondoka, na kila chaguo lililobaki tulipime kwa mzani huo.

Treni ya abiria ya Dar–Moshi, iliyorudi Desemba 2019 baada ya reli hiyo kulala miaka mingi, nayo inapita Same, kwenye njia ile ile ambayo Wajerumani waliianzia Tanga mwaka 1893 na kuifikisha Moshi mwaka 1911. Ni safari tamu kwa asiye na haraka. Lakini haipiti kila siku, kwa hiyo mwenye saa sita mkononi haimfai. Nimeitaja ili mtu asije akaniuliza.

Chaguo la kwanza liko karibu kuliko watu wanavyodhani. Lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi halifiki kilomita 10 kutoka Same mjini. Bodaboda anakufikisha. Tatizo ni kwamba bodaboda anaishia hapo. Ndani unahitaji gari, tena gari la juu kama ni msimu wa mvua. Kiingilio kwa Mtanzania hakitishi, ni elfu chache kwa kichwa, unapewa kontrol namba na kulipa kama ada nyingine yoyote ya serikali. Mgeni wa nje analipa makumi ya dola. Kinachouma ni gari. Ukikodi Land Cruiser peke yako kwa nusu siku, umelipia viti saba ukakalia kimoja. Mkiwa sita mnaochangia, hesabu inageuka, na ndiyo maana vikundi vya kanisa, wanakwaya na walimu waliokodi Coaster kwenda harusini mara nyingi wanaweza kuiona Mkomazi kwa nafuu kuliko mtalii mmoja mwenye mkoba mgongoni.

Sasa unaona nini humo? Mkomazi si Serengeti, na anayeingia akiwa na Serengeti kichwani atatoka amenuna. Ni zaidi ya kilomita za mraba 3,200 za kichaka, migunga na miiba, inayopakana na Tsavo Magharibi ya Kenya. Tembo huvuka kutoka Tsavo wakati wa mvua na kurudi ukame ukibana. Jina lenyewe lilishatoa tahadhari: kwa Kipare mko ni kijiko cha mti, na mazi ni maji. Kijiko cha maji. Wazee hawakuliita ziwa.

Kwa miaka mingi, mtu akiniuliza, nilimjibu kuwa nusu siku Mkomazi ni bahati nasibu: unaweza kuona choroa na twiga, unaweza kuona vumbi la gari lililotangulia. Jibu hilo nimelibadilisha tangu hifadhi ya faru iliyomo ndani ilipofunguliwa kwa watalii miaka ya karibuni. Faru weusi walikuwa wamekwisha Mkomazi kufikia mwisho wa miaka ya 1980, wamemalizwa na majangili. Mwaka 1989 alifika hapo Tony Fitzjohn, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi na George Adamson huko Kora, Kenya. Kuanzia 1997 faru wakaanza kuletwa, kwanza kutoka Afrika Kusini, kisha 2009 watatu kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové nchini Czech, na 2012 watatu wengine kutoka Port Lympne, Uingereza. Mnyama aliyelelewa kwenye baridi ya Ulaya anashushwa kwenye ndege akiwa ndani ya kreti, anasafirishwa hadi kichaka cha Same, na kuanza kujifunza kula miiba. Ukimwona anatafuna, ukajua alikotoka, unamtazama kwa jicho lingine.

Hapo ndipo Mkomazi inapofanana na bustani ya maji ya Nassau, na sisemi kwa kejeli. Pana uzio. Pana mtu anayejua mnyama alikolala. Unalipa, unaona, unaondoka. Mpenzi wa pori huria atakunja pua. Mwenye saa nne mkononi asikunje.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye kontrol namba. Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu 1951, na wafugaji wa Kiparakuyo na Kimasai waliendelea kuishi na kuchunga humo hadi walipoondolewa mwaka 1988. Walikwenda mahakamani. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 1999 haikuwarudishia ardhi. Pori likaja kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Sisemi usiende. Nasema ukikutana na mchungaji kando ya barabara ya Kisiwani, ng'ombe wake wamejipanga ukingoni mwa mpaka, usishangae asipokupungia mkono.

Basi Mkomazi inalipa kwa sharti moja: muwe kundi, na gari liwe limeshapangwa kabla hamjatoka Dar. Anayeshuka na kuanza kutafuta gari saa sita mchana ataambiwa bei ya mtu aliyekwama, na ni haki yao kumwambia hivyo.

Tuje mlimani. Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea.

Magari ya mlimani hayakupangiwa ratiba kwa ajili ya mgeni. Yamepangiwa mama anayeleta ndizi sokoni, mgonjwa anayewahi hospitali, mwalimu anayefuata mshahara benki. Yanashuka alfajiri giza bado lipo, yanafika Same watu wakifungua maduka, yanasubiri shughuli ziishe, kisha yanapanda mchana. Kwa hiyo saa ya mlima ni kinyume cha saa ya msafiri. Mgeni anapotaka kupanda asubuhi, gari ndiyo kwanza limefika chini. Anapotaka kushuka jioni, gari limelala. Huwezi kuilaumu ratiba hiyo. Kwa wenyewe imekaa sawasawa. Ni sisi tunaotaka mlima ufuate saa ya basi.

Mimi nilishuka Same saa tano asubuhi nikiamini nitafika Mbaga, huko juu mlimani, nitazungukazunguka, nirudi nilale Moshi. Dereva wa gari la Mbaga alikuwa amelala chini ya injini, miguu tu ndiyo ikionekana.

"Tunaondoka saa ngapi, kaka?"

"Likijaa, mzee."

Lilijaa saa nane. Mifuko ya saruji ilipanda kabla yangu, kisha godoro, kisha kuku watatu waliofungwa miguu ambao nilikabidhiwa niwashike bila kuulizwa. Mbaga ni kama kilomita 30 tu, lakini ni kilomita za kona juu ya kona, upande mmoja jiwe, upande wa pili hewa. Tulifika jua likizama. Nilipouliza gari la kurudi, mama tuliyekuwa tumebanana naye alicheka hadi akajishika tumbo.

"La kushuka ni saa kumi alfajiri, baba. Leo wewe ni mgeni wetu."

Nikala makande. Wapare na makande wameshataniwa vya kutosha, sitaongeza, ila yaliyopikwa tangu asubuhi kwa kuni si yale ya haraka ya mjini. Kitanda kilikuwa na blanketi mbili na zote nilizihitaji. Gari la saa kumi lilinipita nikiwa usingizini.

Kwa sababu lilinipita, niliona ndiva ikifunguliwa. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe, na Wapare wamekuwa wakiyajenga tangu kabla Mjerumani hajafika. Kijito cha mlimani kikiachwa kitiririke chenyewe kinapotelea ardhini kabla hakijafika shamba la mwisho. Kwa hiyo maji yanafungiwa ndani usiku kucha, asubuhi yanaachiwa kwa mkupuo, yanashuka mferejini kwa nguvu ya kufika mbali. Kila shamba lina zamu yake, na zamu zina wenyewe. Ukoo fulani ulichimba, ukoo fulani una siku yake, na kamati ipo ya kukumbushana.

Mzee aliyekuja kufungua alivaa koti la mvua ingawa hapakuwa na mvua, jembe begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuoga?"

Nikasema nimekuja kutazama. Akaguna kama mtu aliyesikia sababu dhaifu. Aliingia majini hadi mapajani, akainama, akapapasa kwa mkono, akavuta kizibo. Mwanzoni hakikutokea kitu. Kisha juu ya maji kikaanza kujizungusha kitundu kidogo, na huko chini mferejini ikasikika sauti kama mtu anakohoa, yakafuata maji ya rangi ya chai ya maziwa yakisukuma majani makavu mbele yake. Kijana mmoja alikuwa akikimbia sambamba nayo kando ya mfereji, anaziba tundu hapa kwa donge la udongo, anafungua pale kwa jembe, anapiga mluzi kumjulisha aliye chini kwamba yanakuja. Sikuhesabu dakika, lakini chai niliyokuwa nimeishika ilikuwa haijaisha kupoa ndiva ilipobaki tope, na watoto watatu waliokuwa njiani kwenda shule wakavua viatu, wakateleza juu ya tope lile kwa makalio kutoka ukingoni hadi katikati. Yule mzee aliwafokea. Hakuwafokea sana.

Kama mlima ndio unaoutaka, basi usiuite nusu siku. Lala. Malipo ya usiku mmoja yanabaki kwa mwenye nyumba, mama wa chakula, kijana wa kukuongoza njia na dereva mwenye kuku, wakati dakika kumi na tano za basi zinamwachia mtu bei ya mfuko wa karanga. Na ukitaka kwenda mbali zaidi, hadi Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia wa Chome na kilele cha Shengena, mita 2,462, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote vya Upare, panga siku mbili au tatu na mwongoza njia. Msitu huo una ndege mdogo wa kijani na manjano mwenye duara jeupe machoni ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Upare Kusini. Watu huvuka bahari kuja kumwona. Wengi waliozaliwa chini yake hawajui hata kwamba ni wao pekee walio naye.

Mwenye siku moja tu na moyo wake umeng'ang'ania mlima, ushauri wangu utawaudhi watu wa Same: apitilize hadi Mwanga, kama kilomita 50 mbele, apande Usangi. Upande wa kaskazini usafiri ni mwingi kuliko wa Mbaga, na msitu wa Kindoroko uko hapo juu.

Nimetaja fedha mara nyingi, na msomaji wa Kipare ameshaanza kutabasamu. Utani wa mtaani unasema Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Watu huusema kama ubahili. Mimi naona una kinyume chake ndani. Mwaka 1945 Wapare kwa maelfu walishuka milimani wakapiga kambi hapo hapo Same, kwenye makao ya wilaya, kupinga kodi ya mbiru iliyotaka kila mtu akadiriwe mali yake ndipo atozwe. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyeji wa huko, aliiandikia kitabu. Walikaa kwa zamu, wengine wakipanda kulima na wengine wakishuka kushika nafasi, na kodi ile ikaja kufutwa. Shamba lililoachwa katikati ya msimu lina thamani zaidi ya kodi ya mwaka mmoja. Walijua. Waliingia gharama hiyo kwa sababu waliona inalipa, na hiyo ndiyo hesabu ninayoijaribu hapa kwa jambo dogo zaidi.

Watoto, hata hivyo, hawataki mbiru wala ndege mwenye duara machoni. Wanataka maji ya kurukia.

Na Same ndiyo sehemu ya mwisho ya kutafutia maji ya kurukia. Mji umekaa upande ambao mlima unauzibia mvua. Mawingu ya Bahari ya Hindi yanamwagwa upande wa mashariki, yanavuka yamekwisha. Kwa miaka mingi ndoo ya maji hapa ilikuwa na bei ya kuifikiria kabla ya kufua. Mradi mkubwa wa Same–Mwanga–Korogwe, unaovuta maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, ulichukua zaidi ya miaka kumi kukamilika, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipouzindua Machi 2025. Mtu mmoja aliniambia sasa umefika wakati wa mwekezaji kujenga bustani ya maji pale barabarani, mabasi yasimame, watoto wateleze. Nilimwuliza kama amewahi kuona foleni ya madumu. Kunduchi, kule Dar, wana mabomba yao ya kuteleza na wana bahari nyuma yao. Huwezi kuhamisha wazo hilo ukaliweka mahali ambapo bomba la nyumbani bado ni habari mpya, na watu walipie kiingilio kutazama maji yakizunguka.

Nyumba ya Mungu yenyewe inawavutia wengi kwenye ramani, buluu kubwa magharibi ya barabara. Ni bwawa lililokamilika mwaka 1965 kwa ajili ya umeme na umwagiliaji, na sasa ni riziki ya wavuvi. Nenda ukale samaki. Usiingize mtoto majini, mamba wapo.

Jibu la watoto ni Chemka. Iko wilaya ya Hai, ukishapita Boma Ng'ombe unaacha lami na kuingia vumbi, zaidi ya kilomita 130 kutoka Same. Jina limewadanganya wengi. Maji hayachemki, wala si ya moto kama watu wanavyoyaita, ni ya uvuguvugu. Yanachemka kwa maana ya kububujika kutoka ardhini. Katikati ya tambarare kavu unakuta kisima cha buluu, safi hadi unaona mizizi ya miti ikiwa imekamata kingo, vijana wakining'inia kwenye kamba na kujiachia, na visamaki vidogo vinavyokuja kuchokonoa nyayo zako ukitulia. Maji ni ya kina. Asiyejua kuogelea akodi tyubu. Jumamosi pamejaa muziki na nyama choma, Jumanne asubuhi unaweza kukaa karibu peke yako. Kwa familia yenye watoto chini ya miaka kumi na siku moja ya ziada, sioni sababu ya kubishana: pitilizeni Same, laleni Moshi, amkieni Chemka. Same isishindane kwa kitu ambacho haina.

Mwenye gari lake ana chaguo ambalo abiria wa basi hana, na kwangu ndilo bora kuliko yote. Asishuke kabisa, azunguke. Ukitoka Dar, ukishapita Mombo unafika mji mdogo wa Mkomazi. Badala ya kunyoosha na lami kuu kupitia Hedaru na Makanya, unakata kulia na kuupita mlima kwa mgongo: Kihurio, Ndungu, Maore, Kisiwani, unatokea Same. Ni kama kilomita 100, na ulizia hali ya barabara kwanza, hasa masika. Upande huu wa mashariki mlima unamwaga maji badala ya kuyazuia. Ndungu kuna mashamba ya mpunga ya umwagiliaji yaliyojengwa kwa msaada wa Wajapani, kijani hadi chini ya mwamba. Gonja kuna maporomoko ya Thornton. Huko juu, Mamba Miamba, ndiko tangawizi ya Same inakotoka. Kutoka Kisiwani kwenda mbele unaendesha mlima ukiwa kushoto na hifadhi ikiwa kulia, na anayebahatika huona tembo bila kulipa kitu. Saa mbili au tatu za ziada, bila tiketi ya kupoteza, bila konda wa kukuacha. Gari lako ndilo meli yako, na nahodha ni wewe.

Lakini wengi hatuna gari, na wengi tunasafiri Desemba, mwezi mbaya kuliko yote kwa swali hili. Ni mwezi wa kurudi nyumbani: Wapare, Wachaga, Wameru, wote barabarani, nauli juu, viti hakuna. Ni mwezi wa vuli pia, Mkomazi imechanua lakini barabara za mlimani zimekuwa sabuni. Juni na Julai, shule zimefungwa, njia ni kavu, mabasi yana nafasi, na hapo ndipo kushuka kunapoanza kuwa na maana.

Desemba moja shemeji yangu alinipigia simu akiwa stendi ya Magufuli, Mbezi, yuko na mke na watoto wawili, wanakwenda Arusha. Anataka washukie Same, "tuone mlima mara moja, tuunganishe jioni."

"Mtalala wapi?"

"Hatulali. Jioni tunaunganisha."

"Basi usishuke, shemeji."

Alikasirika kidogo. Alisema Wapare tunauficha mlima wetu. Walipitiliza, wakaenda zao. Julai iliyofuata alirudi bila kunipigia, akalala Mbaga siku mbili. Hakuniandikia kuhusu mandhari wala gharama. Alinitumia picha moja: binti yake mdogo amekaa ukingoni mwa ndiva, sketi ya shule imekunjwa hadi magotini, nyayo zimezama kwenye maji ya alfajiri, uso umekunjamana kwa baridi, na nyuma yake mzee mwenye koti la mvua anamwonyesha kwa kidole mahali kilipo kizibo.